Mbuzi Aliyepasuliwa Nikiwa Usingizini

Runzewe

Dada yangu Kabula, shikamoo. Barua hii ikikufikia asubuhi, basi na mwangaluka juu yake. Miguu yako inaendeleaje? Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima kabisa. Naliweka hilo mbele kwa sababu nimesikia zimefika habari huko Kishapu kwamba nimefukiwa shimoni, na mmeshaanza kulia. Kufukiwa, kweli nilifukiwa. Kufa ndiko nilikokataa. Kama mmeshamfunga ng'ombe wa msiba, mfungueni akale majani. Ningekupigia, ila simu yangu imebaki chini ya kifusi, kwa hiyo barua nampa dereva wa lori anayekuja kubeba pamba huko kwenu.

Sasa nikusimulie mwenyewe, maana wengine watakutilia chumvi.

Duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, ni la watu watatu. Mimi, na Saidi, Mha wa Kigoma, mtu wa swala tano, na Luhende, ambaye Jumapili ni mwinjilisti na siku nyingine anachimba kama sisi. Watu wa hapa, kabla ya kufungua duara, humwita mganga achinje kafara. Luhende akakataa, Saidi naye akakataa.

"Tufanye agano, kama la Ibrahimu," Luhende akasema. "Mnyama anapasuliwa vipande viwili, mnapita katikati. Maana yake, nikimtupa mwenzangu, nami nipasuliwe kama huyu."

"Ibrahimu ni babu yetu sote," Saidi akasema. "Ila mbuzi nachinja mimi."

Mimi nikapewa kazi kubwa ya kufukuza mwewe wasiguse nyama, kama Ibrahimu mwenyewe alivyofanya. Dada, mwewe wa Runzewe usiombe kukutana nao! Bawa moja ni mlango wa ghala. Niliwatandika fimbo mpaka mmoja akaenda kuangukia Chato. Baada ya vita hiyo, na ugali niliokuwa nimeushindilia, nikaegemea rundo la magogo. Kidogo tu.

Nilipoamka, mbuzi alikuwa sufuriani.

"Mmeshapita?" nikauliza.

"Zamani!" Saidi akasema. "Tumekuita mpaka tumechoka, unakoroma kama mashine ya kusaga mawe."

"Sasa mimi nitapita wapi?"

"Pita katikati ya mchuzi."

Wakacheka, nami nikacheka, nikala paja. Lakini moyoni lilinikaa. Wao wamefungana, mimi niko nje.

Basi wiki iliyopita nilikuwa chini peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Magogo ya kuzuia kuta yakalia, udongo ukashuka, juu kukaziba. Nikazuia jabali kwa mgongo huu mnaoujua. Bila mimi Bukombe yote ingedidimia. Haya, na gogo moja lilinisaidia kidogo.

Ila giza lile, dada, halina utani. Nilisikia sauti za watu, mbali. Mmoja wa maduara ya jirani akasema waache udongo utulie, atakayeshuka naye atafukiwa. Nikajua anasema kweli. Nikamkumbuka yule mbuzi. Nikajiambia, Masanja, wewe hukupita, hawa hawakufungwa kwako. Hata kuomba niliomba kwa sauti ndogo.

Halafu nikasikia sururu. Halafu nikasikia mtu anatukana udongo kwa Kiha. Mkono ukanishika mguu.

"Masanja! Umelala tena?"

Saidi ndiye aliyeshuka. Luhende alikuwa juu, ameshika kamba, viganja vimechubuka.

Nilipokwisha kuoga na kunywa chai, nikamuuliza Luhende, "Mimi sikupita katikati ya mbuzi. Kwa nini mlinifuata?"

Akaniangalia. "Kwani Ibrahimu alipita? Alifukuza ndege, halafu usingizi mzito ukamshika. Aliyepita katikati ni Mungu peke yake, kwa moshi na moto. Mwenzake hakuambiwa apite."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo agano linamfunga aliyepita. Sisi tulipita."

"Na wewe ulikula paja," Saidi akasema.

Miaka yote, dada, nilidhani agano ni kama kubadilishana ng'ombe mnadani, nipe nikupe. Kumbe mwenye nguvu anajifunga mwenyewe kwa ajili ya aliyelala. Nililia, ila usimwambie shemeji. Sasa hapa kijiweni natangaza kwamba waliowahi kufungiwa agano wakikoroma ni wawili tu, Ibrahimu na mimi.

Msalimie shemeji. Mama mkubwa, huyo mnayekaa naye, aniwekee maziwa ya mgando. Mpwa wangu Shija, kwa kuwa ni mwalimu, aisome barua bila kusahihisha.

Tumeweka magogo mapya, manene. Kesho anashuka Saidi, na kamba nimeomba niishike mimi. Ugali nitakula akishapanda.

Ndugu yako mzima,
Masanja