Maji ya Mgeni

Jumanne, tarehe 10 Juni. Asubuhi baridi kavu, mbingu safi, upepo kidogo kutoka upande wa Naviundu.

Majani mengine mawili yamegeuka manjano, tena ya chini. Ua hili nililinunua siku kumi zilizopita ili Mama awe na kitu cha kutazama, maana nyonga haimruhusu kutoka kitandani. Jana alisema kwa utulivu: "Hii ua ikikufa, miye njo nitafuata." Sikucheka.

Nilitafuta wadudu chini ya majani, hakuna. Mwanga wa dirishani, kando ya kitanda chake, unatosha. Halafu nikaingiza kidole kwenye udongo: umelowa chapachapa na unanuka uozo. Lakini mimi namwagilia Jumamosi tu, na kila mara naandika.

"Mama, nani anamwangaka maji humu?"

"Ni miye. Kila asubuhi, ile inabakiaka kwa kunywa dawa. Iko mugeni, mwanangu. Mugeni anaingia kwako, utakunywa weye peke?"

Nimeling'oa kwenye kopo. Mizizi mingi ni ya kahawia na laini. Minne bado myeupe. Nimekata iliyooza, nikatoboa kopo kwa msumari, nikaweka udongo mkavu wenye mchanga.

Nilipomwambia asimwage maji tena, Mama alinuna. Nikampa kazi: kila asubuhi aguse udongo, aniambie kama umekauka. Akauliza kama majani mengine yataanguka. Nilimwambia ukweli, labda matatu.

"Bon, sawa. Umesema tatu. Nitayahesabu."

Sijui kama nimekata mizizi ya kutosha. Nalala saa nne kasoro dakika kumi.