Mutoshe Mizigo!

Jumatatu, 5 Mei 2025

Shakila amekuja na karatasi mkononi. Ni binti wa Abubakari, fundi cherehani anayenishonea suruali tangu nirudi Gitega kutoka Tanzania. Shirika moja la misaada limemwita kwenye usaili kule Muyinga. Kazi yenyewe: kuwapokea Warundi wanaorudi kutoka Tanzania na kuwaelekeza kwa Kiswahili. Anataka nimwandae. Mimi! Tangu nistaafu ualimu, hapa mtaani Mushasha hakuna anayeniuliza swali isipokuwa mke wangu Martha, na swali la Martha ni moja: umemaliza?

Nikasema tuanze na Kiswahili. Akacheka. Mi nasema Swahili tangu nizaliwe, Mwalimu, juu ya nini nijifunze tena?

Nikamweleza juu ya nini. Dakika arobaini. Martha alileta chai mara mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Somo la tatu. Maneno ya mashirika. Nimemweleza "walengwa", yaani watu waliokusudiwa kupata msaada. Akauliza: ni batu, ama ni ndege ya kupiga na manati? Nikahamia neno linalofuata.

Barua yake ya kujieleza kwenye usaili ilijaa maneno ya kuokota kwenye simu. "Mabadiliko endelevu." Nikamwuliza, mabadiliko gani? Akasema polepole kwamba dukani kwa baba yake hufika akina mama waliorudi, na watu huwacheka kwa Kirundi chao cha kuvunjika. Yeye huwapa kiti na kukaa nao. Mi napenda ile kazi, Mwalimu, basi.

Andika hivyo hivyo, nikamwambia.

Abubakari hapendi. Amenisimamisha njiani: Mwalimu, mashini iko inamungoja hapa, ile mashirika leo iko, kesho haiko! Amempa binti nafasi moja tu. Akikosa, atakaa kwenye cherehani, na habari za Muyinga zisitajwe tena nyumbani.

Jumanne, 13 Mei

Shakila amepita usaili! Majaribio ya wiki mbili, anaanza kesho. Nimempa ushauri wa mwisho: usijikaze, sema kama unavyosema nyumbani. Niliuona ushauri mzuri sana. Nikaurudia mara tatu.

Jumatano, 21 Mei

Balaa.

Jana waliingia watu kupitia mpaka wa Kobero. Lori moja lilikuwa la wanaokwenda Bugendana, lakini mizigo ya watu wengine ilikuwa imechanganyika humo. Shakila akashika kipaza sauti: mutoshe mizigo yote kwenye kamyo!

Sasa, kamyo ni lori, hilo walilielewa. Shida ni kutosha. Hapa Gitega kutosha ni kutoa: unatosha viatu mlangoni, unatosha sufuria jikoni. Lakini watu hawa wamekulia Tanzania, kama mimi, na huko kutosha ni kuenea. Wao walisikia kwamba mizigo yote lazima ienee humo! Wakajituma. Hata iliyokuwa chini wakaipandisha. Magodoro, masufuria, baiskeli mbili, jogoo wa bibi mmoja aitwaye Melania, ndani ya ndoo. Shakila akapaza: mutoshe! mutoshe! Nao wakakanyaga magodoro yalale vizuri — inatosha, binti, bado kidogo tu!

Akakimbia kumwita mkuu wake, mama mmoja aitwaye Ursula. Waliporudi lori lilikuwa limeshaondoka. Dereva hakuwa amewahi kuona mizigo iliyopangwa vizuri vile.

Ursula amesema atamjaribu tena Jumatatu, kisha aamue kama abaki au arudi kwao. Shakila alilia kwenye simu. We ulisema niseme kama nyumbani, Mwalimu.

Nilikuwa na maelezo mengi. Nikamwambia pole tu.

Ijumaa, 23 Mei

Mizigo imerudi kutoka Bugendana. Jogoo, wanasema, "ametoroka". Akiwa na ndoo yake!

Nimemwuliza Martha: neno lile nilikosaje kulisikia kwa Shakila, mimi niliyefundisha Tanzania miaka yote ile? Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini wewe mwenyewe, asubuhi, umesema nitoshe maharage motoni!

Kweli nimesema. Gitega imenila sikio na sikuhisi.

Jumatatu nitakwenda Muyinga kumweleza huyo Ursula kwamba kosa ni langu. Martha ameuliza: kwa dakika ngapi?

Jumatatu, 26 Mei

Muyinga. Niko kwenye benchi la kituo, naandika juu ya goti.

Ursula ana miwani ya kamba na hana haraka. Nikaanza: neno hili, mama, asili yake ni... Akainua mkono. Mzee wangu, nimeelewa, karibu ukae, leo nataka kumsikia yeye. Nikakaa. Ilikuwa kazi ngumu.

Lori limefika. Shakila amepewa kipaza sauti. Nilimwandikia sentensi kwenye karatasi, sanifu kabisa, koma mahali pake. Ameitoa mfukoni. Ameitazama. Ameirudisha mfukoni! Nimeshika benchi kwa mikono miwili nisisimame.

Amekwenda kwa bibi Melania, ambaye bado yuko hapa kituoni anadai jogoo. Bibi, kule mulikuwa munasema je, kitu ikitoka juu ya gari ikuje chini?

Kushusha, mjukuu wangu. Kwani siku ile wewe ulitaka tufanye nini?

Shakila akamwambia. Melania akapiga makofi, akawageukia wenzake, akawasimulia, wote wakacheka. Kisha akamnyang'anya kipaza sauti: shusheni mizigo! Kila familia na rundo lake!

Inashuka. Ursula ameketi hatua tatu kutoka hapa, anaandika daftarini. Ameshageuza ukurasa. Macho yangu hayafiki.

Shakila wala hatazami huku. Ameshika ncha moja ya godoro, ncha nyingine iko kwa mzee wa rika langu. Namsikia anamwuliza: na hii kamba ya kufungia, kule munaiita je? Mzee ameweka ncha yake chini ili aeleze vizuri. Naye Shakila ameweka ya kwake. Anasikiliza. Nyuma yao foleni imesimama, Ursula ameinua kichwa, anawaashiria wa foleni wasubiri, na mzee ndiyo kwanza anaanza —