Gego la Mzee na Soksi za Shemeji

Sahibu, haki ya Mungu, leo siongezi chumvi hata punje. Nimechoka hata kuandika.

Mzee wako kang'olewa gego. Daktari wa meno kampiga sindano ya ganzi, fizi zikawa nyeupe kama chokaa. Jino likatoka, damu kidogo tu! Daktari akamwonya: "Mzee, dawa hii imebana mishipa. Ikiisha nguvu, damu itarudi. Uma pamba, usiitoe."

Usiitoe, kasema. Usiitoe!

Nyumbani kamkuta shemeji, kaka wa mkewe, yule anayemwita mzee mzushi tangu siku ya harusi. Leo nitamkomesha, akawaza. Akatoa pamba, akapanua kinywa.

"Shemeji, tazama! Nimeiamuru damu isimame, ikasimama."

"Muongo wewe."

"Ikitoka hata tone, nakufulia nguo zako zote, soksi kwa soksi!"

Sahibu, ganzi ikaanza kuachia. Mdomo ukamcheza, jino lisilokuwepo likauma, na damu hiyooo, mpaka kwenye kola. Mkewe akaleta pamba, akaguna tu.

"Haya, karai lile pale," shemeji akasema.

Basi mzee wako kainamia karai mpaka sasa. Shemeji kaketi kando, anamwonyesha kwa kidole palipobaki uchafu. Na mdomo umejaa pamba, hawezi hata kujitetea.