Rauta na Njugu za Kibuye

Akinyi mjukuu wangu,

Sisi hapa Kombewa tu wazima, na mahindi yameota vizuri. Pole kwa kufuta kwa bahati mbaya kazi ya wenzako kwenye kompyuta. Unauliza umwambie lini mkubwa wako.

Miaka ya tisini, mipangilio ya rauta, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na mtandao, ya ofisi yetu Kisumu iliharibika. Kwa haraka nikahifadhi ile mibovu juu ya nakala nzuri ya pekee. Siku tatu nilijifanya nakagua nyaya. Nilipokiri, mkubwa wangu, Mama Rose, hakufoka.

“Tuliichapa kwenye karatasi,” akasema, “lakini juzi nilimpa muuza njugu wa soko la Kibuye karatasi zote kuukuu.”

Tukakimbia. Ukurasa wa kwanza tuliupata. Wa pili, muuzaji alikuwa ameutumia kumfungia mteja njugu jana yake.

Mwambie leo.

Babu yako