Kisanduku Ulichotia Tiki

Janelle,

Ukiamka, mtoe mbwa nje kwanza, halafu ukae chini ndipo usome. Nimekimbilia zamu yangu ya kuendesha basi la shule.

Mwanangu, tumepata! Jana nilipeleka makaratasi yetu maktaba, kwa yule mzee Lowell anayewajazia watu fomu za kodi bure. Akaiona karatasi ya chuo inayoonyesha ada tuliyolipa, akasema, "Mama, hapa una unafuu wa kodi, mpaka dola elfu mbili na mia tano." Nilimkumbatia mzee wa watu! Hiyo ni karibu ada yote ya muhula ujao. ~~Usimwambie baba yako, nataka kumshtukiza.~~ Nimeshampigia. Nilishindwa kuvumilia.

Ila Lowell alipoituma fomu yetu, inayosema sisi ndio tunaokulea, ikakataliwa. Kumbe ulishatuma yako kwa simu mwezi uliopita, urudishiwe vijisenti vya kodi ulivyokatwa kazini kwako duka la piza, ukatia tiki kwamba hakuna mtu unayemtegemea. Nilicheka. Halafu nikaumia kidogo, sikufichi. Unafuu huo tunapewa sisi tunaokulea, na wewe umeiambia serikali huna mtu!

Saa kumi jioni uwe maktaba, Lowell atakusaidia kuirekebisha. Ile barua uliyoandika ya kuacha chuo kwa kukosa ada, ichane.

Supu ya kuku iko kwenye friji. Nguo zako nimezifua. Gari nimelijaza mafuta.

Ni mimi,
Hakuna Mtu
(mama yako)