Gololi Zimegoma Kupanda

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimechoka kulia jikoni. Mie ni mke wa fundi seremala hapa Keko, mume wangu Mashaka alipasuliwa tumbo baada ya utumbo kujisokota, tukashukuru Mungu akatoka salama, na siku ya kuruhusiwa muuguzi akampa kidude cha plastiki chenye mrija na gololi tatu ndani, akasema afanye zoezi la pumzi mpaka gololi zipande, la sivyo makohozi yatamkaa kifuani, basi baba wa watu anapuliza mpaka mishipa ya shingo inamsimama, mshono unamuuma, jasho linamtoka, gololi hata kutikisika hazitikisiki, sasa amekata tamaa, ananiambia, "Mke wangu, pumzi zangu zimekwisha, si unaona mwenyewe?" na juzi kamwita mdogo wake kamkabidhi randa na misumeno yote kama mtu anayeaga, kukohoa hataki akiogopa mshono utafumuka, amelala chali tu anatazama dari. Mshauri, nikitupe hicho kidude asiteseke, au nimlazimishe? Nampenda mume wangu.

Mwanaasha, Keko

Marahaba Mwanaasha, na pole sana mwanangu. Lakini barua yako imenifanya nishike kichwa. Anapuliza? Nani kamwambia apulize? Kidude hicho hakipulizwi, kinavutwa! Fundi kazoea kupuliza vumbi la mbao, kapewa mrija kapuliza, na wewe umekaa pembeni unamlilia badala ya kurudi kumuuliza muuguzi. Loo!

Mkalishe wima. Atoe pumzi kwanza, abane midomo kwenye mrija, kisha avute polepole kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija, azuie kidogo, aachie. Akipata kizunguzungu apumzike. Gololi moja ikipanda, mshukuruni Mungu, nyingine zitafuata. Akitaka kukohoa akumbatie mto tumboni, utamshikia mshono.

Ila kwa vile amelala hivyo muda wote, mrudishe hospitali leo wakamsikilize kifua. Akiwa na homa au anahema juu juu, usingoje hata chai. Na ukipewa kitu usichokijua, uliza. Kuuliza si ujinga.

Mwambie Mashaka hivi: mtu anayepuliza mpaka mishipa ikasimama, pumzi hizo kazitoa wapi kama zimekwisha? Anazo. Na randa yake kaifuate kwa shemeji yako leo hii.