Kiti Kinachomkabili Cleotha

Chicago, upande wa kusini
Jumatatu, baada ya sikukuu ya mtaa

Dada yangu mpendwa Verdine,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, magoti yameacha kukusumbua, na shemeji Harlan amepona kifua. Mimi ni mzima, ukiuacha uzee, ambao hauna dawa. Niliposhuka basi Jumamosi, joto lilikuwa limeshalainisha lami, nami nikafurahi kama mtoto, maana lilikuwa joto letu lile lile.

Uliniagiza nimtazame kaka Cleotha kwenye sikukuu, kisha nikwambie kweli: abaki peke yake nyumbani kwake, au uje umchukue akaishi nanyi Oakland. Chumba umeshakipaka rangi. Basi nimemtazama. Nivumilie nisimulie kwa mpangilio wangu.

Tulikusanyika palepale, kwenye nyasi zilizoota juu ya mtaa wetu tangu jiji lilipobomoa nyumba. Bado kila ukoo huweka viti pale ulipokuwa mlango wake. Sisi tuko kando ya bomba la wazima moto, ambalo wabomoaji walilisahau. Vijana walilifungua mapema, watoto wakajitupa majini na nguo zao. Wasichana walizungusha kamba mbili kwa pamoja, na aliyekuwa katikati aliruka hadi macho yetu yakachoka kabla ya miguu yake. Mbavu zilikuwa zinachomwa tangu alfajiri. Wanawake walijipanga safu wakacheza, wakigeuka wote kwa wakati mmoja, na bibi mmoja mwenye mkongojo akageuka nao bila kuchelewa. Sijaona watu wengine wanaojua kufurahi hivyo juu ya kaburi la nyumba zao.

Mimi, kama kila mwaka, niliagizwa barafu. Unajua maana yake: asiyeaminiwa kushika sufuria huambiwa alete barafu. Earline Tibbs alinipokea kwa kuniuliza kama barafu hiyo nimeipika mwenyewe, na kama nimekumbuka chumvi.

Alasiri meza ya karata ikafunguliwa. Kaka alikaa kiti chake, mimi nikakaa kinachomkabili, mwenza wake kama siku zote. Waliocheza dhidi yetu ni Roscoe Tibbs na huyohuyo Earline mkewe. Roscoe alimwambia kaka kwamba kofia yake inafanana na kitu alichokizika mbwa, kaka akamjibu kwamba mbwa huyo ana adabu kuliko aliyemfuga. Watu wakacheka wakasogea. Nikajisemea, huyu hana ugonjwa wowote, Verdine ana wasiwasi wa bure.

Nami siku hiyo nilicheza, dada. Sijui mkono ule ulitoka wapi. Nilimnyang'anya Roscoe alichodhani ni chake, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi Earline akauliza nani amembadilisha mleta barafu.

Kisha ikatupwa kopa, na kaka akaikata kwa shupaza, turufu yetu. Maana yake hana kopa. Mzunguko uliofuata akaweka mezani kopa, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe.

Tangu tukiwa watoto pale mtaani, hakuna aibu inayozidi hiyo. Mtu aliweza kutoka jela akasamehewa, lakini aliyeficha karata ya rangi iliyotupwa alisimangwa hadi mazishini. Na kaka Cleotha ndiye aliyetufundisha sote sheria hiyo, kwa makofi ya kisogoni.

Nilimwona Earline akimtazama mumewe, akimwomba kwa macho aiache ipite. Roscoe hakuiacha. Alisimama, akafunua karata zilizokwisha kuchezwa, akailamba ile kopa akaibandika kwenye paji la uso wake, akauzunguka umati akitangaza kwamba Cleotha ameiba mchana kweupe, mbele ya watoto, na Yesu anaangalia. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Tukanyang'anywa mikono mitatu tuliyokwisha kuishinda, tukatolewa mezani. Nilimchukia Roscoe kwa muda mfupi tu. Baadaye nilielewa kwamba kumhurumia kaka mbele za watu kungekuwa kumzika, na Roscoe hakutaka kuwa wa kwanza kushika koleo.

Kaka alicheka pamoja nao. Lakini alicheka akinitazama mimi, akisubiri nimwonyeshe kinachochekesha.

Nilimshika mkono tukaenda bombani kunawa. Hapo ndipo lilipo jambo nililolizunguka ukurasa mzima. Alinishukuru kwa upole, akaniita bwana mdogo, akaniuliza mimi ni wa nyumba ipi. Kabla sijajibu, akasema amefurahi kukaa na mtu anayejua karata, kwa sababu mwenza wake wa kawaida ni mdogo wake, Ozell. Alisema Ozell ni mtu mwema, anasoma vitabu vingi, lakini mezani ni gogo. Alisema amembeba maisha yake yote, kwa kuwa mama alimwomba, akiwa kitandani karibu kufa, asimwache mtoto asimame nje ya meza. Akaniomba nisimwambie, maana Ozell ana moyo mwepesi.

Nikamwahidi kwamba sitamwambia.

Akaniuliza kama Jumapili nitakuwepo mezani. Akasema nina mkono.

Njoo umchukue, dada. Jiko lake nimelifunga gesi, na jirani atalala kwake hadi utakapofika. Lakini usije wiki hii. Njoo Septemba, upepo wa ziwani ukianza kuuma na meza zikikunjwa. Neno hilo, kwamba nina mkono, nimelingoja kwake tangu nikiwa na kaptura, na alipolitoa alimpa mtu mwingine. Hadi hapo, kila Jumapili nitakaa mbele yake nikiwa mtu huyo. Akiniuliza habari za Ozell, nitasema sijamwona.

Nisalimie shemeji, wajukuu, na kanisa lote linalonikumbuka. Earline anakusalimu, anasema viazi vyako vya siki bado havijapata mrithi. Mungu akulinde hadi tuonane.

Mdogo wako,
Ozell, wa barafu